Gari-Nyumba Lililovuja

Siku Apolinaria alipokwenda mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kulipokea gari, mumewe alikuwa na wiki tano kaburini. Dionis alikuwa mwalimu, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule. Mwalimu mpya alishafika na mke na magodoro, wakawa wanalala kwa jirani wakisubiri, na kwa adabu hawakumwambia neno. Kwa hiyo misheni ilipotafuta mkunga wa kwenda kuhudumia vijiji vipya vya upande wa Usinge, mkunga wa kuishi humo humo ndani ya gari, Apolinaria alikubali kabla hajaelezwa masharti. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mtoto, na alikuwa hajalia. Msibani wanawake walimtazama wakangoja, mwishowe wakachoka, wakalia wao.

Gari lenyewe lilikuwa limeletwa Tabora likiwa injini na chasisi tu. Karakana ya Tuinuane, ushirika wa mafundi wa pale Ng'ambo, ndiyo iliyolijengea nyumba mgongoni. Ndani mlikuwa na kitanda cha mkunga, kitanda cha wagonjwa, kabati la dawa, jiko la mafuta ya taa, na sinki lenye bomba linaloteremsha maji kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Nje lilipakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani. Watu wakaliita gari-nyumba, na watoto wa Ng'ambo walikuwa wamekwisha kuacha alama za mikono ubavuni kabla hata rangi haijakauka.

"Karibu, ndugu mkunga," alisema Kornel, meneja wa karakana. "Hili ndilo la kwanza mkoa mzima. Jumamosi wageni wanakuja, kuna hotuba na ngoma. Weka saini hapa, tumalize."

Karatasi ilisema kwamba gari limekaguliwa na kukubaliwa. Apolinaria alipanda ngazi tatu, akachungulia. Fundi mmoja mzee alikuwa amechuchumaa akizoa maranda ya mbao kwa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Nassibu. Kabati hili nimelitengeneza mimi. Sasa mbao zake, nilitaka nikuambie…"

"Mzee Nassibu!" Kornel aliita kutoka chini. "Mwache mama wa watu. Ana msiba."

Mzee akayarudia maranda yake. Apolinaria angeweza kumuuliza mbao zina nini. Swali lilikuwepo pale, karibu kabisa, naye aliliona, akaliacha. Alishuka, akaiweka karatasi juu ya madigadi ya gurudumu, akatia saini.

Dereva wake, Raymundi, mtu wa Kwihara, mnene, mpenda kusema, alikuwa bado analizunguka gari akigongagonga bodi kwa vidole kama mtu anayechagua boga.

"Sista, tumelitazama kweli?"

"Limeshatengenezwa, Raymundi. Twende."

Jumamosi ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, na Jumatatu wakashika barabara ya magharibi, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Hawajafika Urambo, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Sufuria mbili na ndoo vikabaki barabarani, na Raymundi akarudi kwa miguu kuviokota. Alipozitazama bawaba aliona kwamba skrubu zake zilikuwa fupi kama punje za mahindi, tena hazikukazwa kwa bisibisi. Zilikuwa zimepigwa nyundo.

"Skrubu inapigwa nyundo!" alisema. "Sista, njoo uone. Hata mimi dereva siwezi kufanya hivi."

"Utaweza kuufunga?"

"Kwa kamba."

"Basi funga kwa kamba."

Bomba la sinki halikutoa maji. Raymundi alilala chali chini ya sinki na tochi, akacheka peke yake. Hakukuwa na mpira wowote uliotoka kwenye tangi kuja kwenye bomba. Lilikuwa limefungwa pale kwa sura tu, ili wageni wa Jumamosi waone bomba. Apolinaria akawa anachota maji kwa kata kutoka kwenye ndoo, kama anavyochota mtu yeyote. Mvua ya kwanza ilipowakuta Usinge, paa likavuja sehemu nne, moja juu ya mto wake wa kulalia. Aliugeuza mto upande wa miguuni, akaweka beseni pale ulipokuwa, akalala. Asubuhi Raymundi aliyelala kwenye kiti cha mbele alikuta beseni limejaa na mkunga amekaa anasuka nywele zake mwenyewe, shuka limelowa hadi katikati.

"Sista, turudi Tabora. Hili si gari, ni kichekesho. Warudishiwe wenyewe."

"Tukirudi nani atawapima hawa?"

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi. Raymundi alidhani ni ushujaa. Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba mwanamke yule hakuwa anavumilia chochote. Kwake ilikuwa kama maji yanamdondokea mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka watu walipohamishwa. Waliokuwa wakiishi mbalimbali porini, kila mtu na shamba lake la tumbaku na mizinga yake ya nyuki, waliletwa kwenye vijiji vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikatazamana mistari miwili kama watoto wa shule. Nyumba nyingi zilikuwa miti iliyosimikwa na nyasi juu, udongo bado. Gari-nyumba lilizunguka vijiji vitano, siku mbili mbili. Apolinaria alipima wajawazito, alichoma sindano, alifunga vidonda. Kazi aliijua, mikono ilifanya. Alijibu salamu, aliandika majina, alikula alichopewa.

Kasoro ziliendelea. Sakafu chini ya sinki ilianza kunywa maji ikabonyea. Rafu ya juu ilichomoka ikaangusha chupa za dawa ya malale na kuzivunja. Na kabati la dawa, lile la Nassibu, mlango wake ulianza kugoma. Siku za jua ulifunguka vizuri. Siku za mvua mbao zilivimba, ikabidi kuuvuta kwa mikono miwili, mguu ukiwa ukutani.

"Nitauchonga," Raymundi alisema. "Nipe siku moja nitafute randa."

"Si unafunguka?"

"Leo umefunguka."

"Basi."

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, aliletwa mwanamke aitwaye Marcelina, mimba yake ya tatu. Mumewe, Nikolaus, alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akakaa chini ya turubai na Raymundi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mtoto alizaliwa saa tano kasoro, wa kike, akalia vizuri. Kondo likatoka. Kisha damu ikaanza kuja, na haikupungua.

Apolinaria aliijua dawa ya jambo lile. Ni sindano moja, ya kukaza mfuko wa uzazi. Kila mkunga huiweka tayari kwenye sinia kabla mtoto hajatoka, naye kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiiweka. Siku ile hakuiweka. Ilikuwa kwenye kabati, hatua mbili kutoka aliposimama, na mlango haukufunguka.

Alivuta. Aliweka mguu ukutani akavuta tena, mpini wa mlango ukachomoka ukabaki mkononi mwake na skrubu zake fupi. Akamwita Raymundi. Raymundi aliingia na tailiva, chuma chake cha kubandulia matairi, akauvunja mlango vipande viwili, lakini kabati zima liling'oka ukutani pamoja nao, na vichupa vikamwagika sakafuni kwenye maji. Apolinaria alikuwa amerudi kwa mgonjwa, mkono mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, anakandamiza. Raymundi alitafuta kwa magoti, anasoma majina ya vichupa kwa sauti, mtu asiyejua anachosoma. Alipata kimoja kizima. Sindano ilichomwa. Marcelina alikuwa ameshapoteza damu nyingi mno. Alikufa kabla ya saa sita, akiuliza kama mvua imekatika.

Apolinaria alimwosha, akamfunika. Akanawa mikono kwa kata. Alitoka akamwambia Nikolaus, na Nikolaus aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Mtoto alichukuliwa na Leonia, dada wa marehemu, aliyekuwa ananyonyesha wa kwake.

Mchana ule Raymundi alikaa kwenye ngazi za gari akalia bila kujificha. Apolinaria alimpitia akaingia ndani, akaokota vichupa kimoja kimoja, vizima akavifuta, vilivyopasuka akavitupa. Kisha alisimama na ule mpini wa mlango mkononi. Akautazama muda mrefu. Alikuwa akijitafuta ndani mwake, anasema Raymundi, kama mtu anayepapasa mfukoni kitu alichokuwa na hakika nacho.

"Turudi Tabora," alisema.

Aliandika taarifa yake mezani kwa daktari wa misheni, kurasa mbili, mwandiko wa kunyooka. Aliorodhesha bawaba, paa, bomba, sakafu, rafu, kabati. Akaandika kwamba mgonjwa alifariki dawa ikiwa ndani ya kabati lisilofunguka. Mwisho aliandika: *Gari hili nililipokea mimi bila kulikagua, na saini ni yangu. Kasoro ya kabati niliijua kwa mwezi mzima, dereva aliniomba tuitengeneze nikakataa. Sindano sikuitayarisha kabla.*

Daktari, mzee wa Kizungu mwenye kukohoa, alisoma mara mbili. "Aya hii ya mwisho," alisema, "haina ulazima."

"Iache, daktari."

Kesho yake Kornel alikuja misheni, kofia mkononi. Alikuta Apolinaria uani anaanika shuka za gari.

"Dada, daktari amenionyesha taarifa yako. Ukipeleka vile tunaanguka wote wawili."

"Nimeshapeleka."

Kornel alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kumtazama hakuonekana mtu mbaya. "Nilipewa siku kumi na nne," alisema. "Gari liwe tayari kwa Jumamosi ile, mvua inyeshe, jua liwake. Mbao zilitoka mashineni zinatiririka maji. Ningesema nini?"

"Ungesema mbao ni mbichi."

"Na wewe ungetazama."

"Ndiyo," alisema Apolinaria. "Nimeandika."

Kornel akamtazama usoni, pengine akitegemea hasira, maana hasira angeweza kujibizana nayo. Hakuona kitu. Alivaa kofia yake akaondoka.

Apolinaria alipewa barua ya onyo, naye aliisoma akaikunja. Kornel aliondolewa umeneja akapelekwa kusimamia wafyatua matofali. Gari likarudishwa karakana, na safari hii Nassibu akapewa kazi peke yake. Mzee alikataa kuanza.

"Sianzi kwa mbao za mwezi huu," alisema. "Nitafutieni mbao kavu, au niacheni nikalime."

Mbao kavu hazikuwepo mjini, kama vile misumari, sabuni na sukari zilivyokuwa hazipo. Raymundi ndiye aliyemkumbuka Mukesh, mwenye duka la vyombo vya ujenzi karibu na soko, duka la tangu enzi za babu yake. Walikwenda watatu: Raymundi, Nassibu na Apolinaria. Duka lilikuwa na makopo sita ya rangi na bunda la kamba. Mukesh alisikiliza, akatazama nyuma yake. Kaunta na rafu zote zilikuwa za mninga, nene, nyeusi kwa kushikwashikwa.

"Babu yangu aliziweka hizi kabla ya vita," alisema. "Chukueni za ukuta huu na huu."

"Utaweka wapi vitu vyako, Mukesh bhai?" Nassibu aliuliza.

"Vitu vipi, mzee?"

Nassibu alipitisha kiganja juu ya ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama kengele ndogo. Aling'oa ubao mmoja mmoja bila kuupasua hata mmoja, na skrubu za shaba zilizoushika akazitia mfukoni zote.

Kazi ilichukua wiki saba. Apolinaria alikuja kila siku baada ya zamu yake ya wodini. Mwanzoni alikaa tu juu ya gogo. Wiki ya pili alianza kuuliza: hii ni ya nini, ile inashikwa na nini, kwa nini umepaka lami hapa na hapa hukupaka. Nassibu alimjibu kila swali. Siku moja mzee aliacha patasi.

"Mwanangu, siku ile ningesema. Aliponinyamazisha, ningesema hata hivyo."

"Na mimi ningeuliza, mzee."

"Ninalo hilo usiku na mchana."

Apolinaria alifikiri kidogo. "Mimi silisikii," alisema. "Nalijua, lakini silisikii. Dionis vilevile. Nimekaa nangoja."

Nassibu hakumpa maneno ya faraja. Alimpa msasa na kipande cha mlango wa kabati, akamwonyesha asugue kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Alisugua hadi magharibi.

Gari lilipomalizika alilikagua siku tatu. Alipanda paani kwa ngazi akamwaga ndoo ishirini za maji, kisha akaingia ndani na kulala chali sakafuni akitazama dari. Alimwambia Raymundi aliendeshe kwenye barabara mbovu ya Kwihara mbele na nyuma huku yeye ameshika mlango. Alilirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa mpira wa bomba uliokuwa unavuja kwenye kiungo, mara ya pili kwa bawaba moja iliyolia. Mafundi vijana wakaanza kumwita Mama Kasoro. Nassibu aliwafokea, lakini yeye hakujali jina.

Walirudi Usinge mwezi wa nne, mvua zikiishia. Kabla ya kupima mtu yeyote, Apolinaria alikwenda nyumbani kwa Nikolaus. Nyumba ya tisa, mstari wa kushoto. Kuta zilikuwa zimekandikwa mbele tu. Mlangoni palining'inia gunia.

Nikolaus alimpa kigoda. Mtoto hajambo, alisema, yuko kwa shangazi, samahani, kwa mama yake mdogo. Bado alikuwa anakosea majina ya watu.

"Kuna jambo sikukwambia siku ile," Apolinaria alisema. "Dawa ya mkeo ilikuwepo. Ilikuwa kabatini. Mlango ulikwama, na nilijua kwamba hukwama. Nilikuwa nimeambiwa utengenezwe nikasema basi. Na ningeitoa mapema, kama ninavyotakiwa, mlango usingekuwa na haja ya kufunguka."

Kuku aliingia chini ya gunia, akatoka.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ni yako kuijua."

"Niifanyie nini?"

"Sijui. Unaweza kunishtaki. Taarifa yangu iko misheni, nitakuonyesha njia."

Aliinamisha kichwa, akawa anachora ardhini kwa kijiti, mistari tu. "Kule kwangu nilikuwa na vyumba vinne," alisema hatimaye. "Walikuja siku ya Jumatano wakaezua paa ili tusirudi. Marcelina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alibeba mtungi kichwani kutoka kule hadi hapa, na haukuvunjika. Sasa wewe unaniambia habari ya mlango." Akakitupa kijiti. "Mimi hapa sina hata mlango. Kule nimeacha mlango mzuri, aliutengeneza baba. Nalala nyuma ya gunia, na mlango uko porini unafungia hewa."

"Ni mbali?"

"Kwa miguu ni kutwa. Kwa baiskeli haubebeki."

Apolinaria alisimama. "Raymundi ana mafuta ya kutosha," alisema.

Nikolaus alimtazama bila urafiki. Lakini alikwenda kuchukua nyundo na mtaimbo.

Walifuata njia ya magari ya tumbaku, kisha hakukuwa na njia, Raymundi akawa anachagua kati ya miti. Uwanja wa nyumba ulikuwa umeota magugu hadi kiunoni. Kuta nne za tofali mbichi zilisimama bila paa, zimeanza kulainika juu kwa mvua, na katikati ya ukuta wa mbele ulikuwepo mlango, umefungwa. Ulikuwa wa ubao mmoja wa mninga, mpana, umechongwa kwa tezo; alama za tezo zilionekana zote, ndogo ndogo, zimepangana kama magamba ya samaki. Nikolaus alitoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akaufungua, ingawa pembeni ukuta ulikuwa umebomoka na angeweza kupita. Ulifunguka kwa kidole kimoja. Hakuna kilicholia.

Aliung'oa mwenyewe, hakutaka Raymundi amsaidie. Ulipotoka kwenye fremu ulimwelemea, na Apolinaria aliyekuwa karibu akaudaka upande wa chini.

"Acha, mama, ni mzito."

"Nimeshika."

Ulikuwa mzito kweli. Walitembea nao kupitia magugu, Nikolaus anarudi kinyumenyume, yeye anafuata, uzito unashuka mabegani hadi mgongoni, vidole vinachanika kwenye ukingo. Alisikia maumivu ya vidole. Alisikia jasho likimwingia machoni na harufu ya ubao, ya moshi wa miaka mingi na mafuta ya mikono ya watu. Katikati ya uwanja hatua zake zikawa fupi fupi.

"Tupumzike," alisema Nikolaus.

"Tukiuweka chini sitaweza kuuinua tena."

"Basi twende."

Wakafika kwenye gari. Raymundi alikuwa ameshusha ngazi na kutandika mablanketi mawili sakafuni. Waliusukuma ndani, ukaenea kati ya kitanda cha wagonjwa na kabati, ukabaki umetokeza kidogo nje. Apolinaria alikaa chini nyuma ya gari, mgongo kwenye gurudumu, akifungua na kufumba mikono yake iliyokuwa inatoka damu. Nikolaus alimtazama, akaenda kwenye bomba la sinki, akarudi na maji kwenye kikombe cha bati.

Alikunywa yote. Kisha akaomba mengine.